Tairi la Miaka Tisa

Shoga, nina hasira mpaka basi.

Nimeenda na mume wangu na mtoto kutafuta tairi la nyuma la ile pikipiki yake ya mbio. Muuzaji kaleta moja linang'aa, eti jipya kabisa. Nikasoma tarehe ubavuni: limetengenezwa miaka tisa iliyopita! MIAKA TISA! Mpira umekauka, litamtupa kwenye kona ya kwanza.

Nikawaambia. Muuzaji: "Mama, hizo namba ni saizi tu."

Na mume wangu? AKACHEKA! "Msamehe, bwana, huyu bado anajifunza kusoma shule ya jioni."

Mbele ya watu! Halafu akamwambia muuzaji alifunge!

Walipomaliza nikachomoa ufunguo wa pikipiki, nikambeba mwanangu, nikaondoka. Ninao kwenye mfuko wa nepi.

Sasa hivi mume wangu anaisukuma nyuma yangu, na mlima ndio kwanza unaanza.