Mkwe Aliyegeuza Uso

Bruges, 14 Mei 2025

Mama yangu Kabedi,

Nakusalimu kwa heshima, nikiomba barua hii ikukute mzima, na goti lako likiwa limepoa kiasi cha kukufikisha kanisani Manika kwa miguu. Gradi na watoto wake hawajambo? Mimi mzima, ingawa baridi ya huku inanivalisha makoti mawili na watu wa hapa wananiambia eti hii ndiyo hali nzuri. Dada yangu Mignonne mzima pia. Barua nampa shangazi, tantine Josée, anayerudi Kolwezi kesho, kwa kuwa tangu Pasaka simu za Ulaya huzipokei.

Nianze na mahali anapokaa mtoto wako. Ni mtaa wa zamani kabisa, na mifereji ya maji inapita katikati yake kama njia zetu zinavyopita kati ya nyumba. Nyumba za matofali zimesimama miguu ndani ya maji. Paa zimekatwa kama ngazi, na ukutani wamepigilia kwa chuma mwaka wa kujengwa. Moja niliisoma 1634. Nilisimama pale muda mrefu nikijiuliza ukuta unakaaje majini miaka yote hiyo, wakati kwetu mvua moja tu inalaza ua wa matofali mabichi. Mignonne alinicheka mimi kaka yake mkubwa: "Yaya, unatembea sawa polisi anatafuta mwizi!"

Hakujua kwamba kweli nilikuwa natafuta. Neno lako la kuniagia mlangoni sijalisahau: "Ule muzungu anatuzarau. Hata imbwa anaangaliaka mutu. Kama ni vile, urudi na mutoto yangu." Ulinieleza jinsi siku ile ya Pasaka, Mignonne alipokwenda jikoni na kumwachia mchumba wake Wouter simu, huyo alivyoona sura yako akageukia ukuta, akainuka, akaacha na sahani yake. Ukanikataza nisimwambie dada yangu, wala nisimwulize mwanaume huyo. Nimtazame tu, kisha niamue kwa jina lako na la marehemu baba yetu, tata, kama arusi ya Jumamosi ya wiki ijayo itafungwa.

Basi nilimtazama. Wouter anaendesha mashua inayotembeza wageni mferejini, na siku ya pili alitupandisha. Mama, mtu huyo anaongea! Anaongea lugha tatu bila kumeza mate. Tulipokaribia daraja moja la chini sana, aliwaambia wageni wainamishe vichwa, kwa kuwa daraja lile limekwisha kula kofia nyingi na bado lina njaa. Bibi mmoja mzee aliyekaa mbele alimtania kwamba yeye hana kofia, ana wigi. Wouter akamjibu kuwa wigi ndilo linapenda zaidi. Mashua nzima ilicheka. Mimi sikucheka. Moyo wangu ulizidi kuwa mzito, maana niliona kwamba mdomo anao, na macho ya kutazama mama za watu anayo. Ni kwako tu ndipo vilipokosekana. Nikaanza kufikiri nitamwambiaje dada yangu afunge sanduku.

Hapa naomba unisamehe: nilivunja katazo lako. Wageni waliposhuka, nilimwuliza mbele ya Mignonne, kwa Kifaransa, bila kuzunguka, kwa nini alimgeuzia mama yangu mgongo.

Akawa mwekundu mpaka masikioni. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama alikuwa amechelewa kugeuka, na kama bukwe wake aliwahi kumwona uso.

Mama, alitamka hivyo hivyo, kwa neno letu la mama mkwe: bukwe. Mignonne alikuwa amemsimulia, kwa kuchekesha tu, habari za tata kule Mutshatsha: jinsi alivyoingia majanini kila alipomwona mama yako, bibi Tshibola, anatoka shambani, jinsi alivyokula nje ya ukuta kwa sababu mkwe hamtazami mama wa mke wake usoni wala hali mbele yake, mpaka siku bibi alipomletea kuku kwa mikono yake mwenyewe na kumtoa haya. Wouter alisikiliza, akashika, akanyamaza. Ulipotokea kwenye simu, alifanya kama tata.

Dada yangu aliketi kwenye ngazi ya mfereji, akacheka mpaka akalia. "Weye muzungu weye! Ile ilikuwa ya tata na bibi, na hata tata ilikuwa inamuchokesha!" Naye akajibu, bila kucheka, kwamba hakuna aliyemwambia kuwa imekwisha.

Nilijisikia kama mtu aliyetua gunia la makaa aliloanza nalo Mutshatsha. Nilimpa mkono pale pale, nikamwambia ukoo wetu wa Kazadi umekubali. Kama nilikosea kusema kabla yako, nikaripie nikirudi. Lakini haya yake siwezi kumtoa mimi. Hiyo ni kazi ya bukwe mwenyewe, na kuku wa Manika unawajua kuliko mimi.

Msalimie Gradi, wasalimie mama wa kwaya, na Mungu akulinde. Mignonne anakubusu mikono yote miwili. Wouter yuko hapa mezani. Nilimpa kalamu aandike salamu zake chini ya zangu, akaisukuma kwa upole, akasema karatasi hii itatazamwa na macho yako. Kwa hiyo nakuandikia mimi: mkwe wako anakusalimu, amegeukia dirishani.

Mwanao,
Kalonji