Hlumela Ana Kwao

Mtaa wa Asihambi,
Nyuma ya Khayelitsha,
Cape Town.
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa kaka Zwelidumile,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mguu umepungua kuvimba, na wifi Noluvo ameacha kukohoa. Baridi ya Engcobo msimu huu najua haina adabu. Vaa lile koti nililokutumia, usilifungie sandukuni ukisubiri mazishi ya watu. Sisi hapa wazima. Mafua tunayo, maana mvua ya huku haikuulizi kama umejiandaa, lakini wazima.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Unaanza kufoka kabla sijamaliza kusalimia. Karatasi huwezi kuikatiza. Nitampa dereva wa basi, yule mkwe wa jirani yako, akukabidhi mkononi. Kaa chini usome mpaka mwisho.

Siphokazi mwanangu amejifungua salama. Ni mtoto wa kike, tumemwita Hlumela. Kaka, ana sauti huyo! Akilia, hata wauza vichwa vya kondoo kule barabarani wanageuka. Macho ni ya marehemu mama kabisa.

Najua habari hizi ulishazipata, na agizo lako nililisikia. Kitovu kikikatika, kifungwe kwenye kitambaa, kiletwe Engcobo kizikwe kando ya zizi, pale vilipozikwa vyetu sote. La sivyo wewe huna mjukuu. Ukaniambia mkataa kwao ni mtumwa. Ukasema mtoto aliyezikiwa kitovu kwenye mchanga wa vibanda hana kwao, na wazee waliotangulia hawatamjua. Maneno hayo yaliniuma, sikufichi. Siphokazi alikuwa karibu, aliyasikia yote.

Kaka, nimekizika hapa. Nimekizika mbele ya kizingiti changu, kwa mkono wangu mwenyewe. Sasa vuta pumzi, kisha endelea kusoma.

Unasema mji umejaa, na hata redioni wanasema watu wa kwetu warudi walikotoka. Kweli umejaa. Bomba la maji ni moja, foleni ya chooni usiseme, na kila basi linaloingia linashusha watu na mablanketi yao na ndoo zao. Lakini hebu niambie, nani aliyeanza kuujaza? Baba alibeba mizigo bandarini ujana wake wote, analala hosteli ya wanaume, anakuja kutuona Desemba kama mgeni. Mama alipomfuata alikamatwa hana pasi ya Makaburu ya kukaa mjini, wakampakia kwenye treni, na wewe mgongoni. Mji ulitaka mabega ya baba tu. Mke wake haukumtaka, wala watoto wake. Leo na mimi nirudi? Thubutu! Baba alirudi kwa sababu hakuwa na la kufanya. Mimi sirudi ng'o.

Tena hujui yaliyotupata Jumanne. Sikukwambia kwa simu, maana ungepata la kusema. Walikuja watu wa bomoabomoa, asubuhi, mvua inanyesha. Malori, vijana wa ovaroli nyekundu na nyundo, polisi nyuma yao. Kiwanja si chetu, wakasema, tupishe. Wakaanzia mwisho wa mtaa, wakaja wanavunja mpaka kwangu. Wakanikuta nimeketi kwenye kizingiti, Siphokazi na mjukuu wako ndani. Kijana mmoja akanisogelea. Alipofungua mdomo tu nikajua ni wa kwetu, matamshi yale hayafichiki.

"Mama, tupishe tufanye kazi. Kwani huna kwenu? Rudi kwenu."

"Na wewe, kwenu wapi?"

"Cala," akasema, anaona haya.

"Haya, mtoto wa Cala, hapo umesimama juu ya kitovu cha mjukuu wangu. Toa buti lako."

Alitazama chini, kaka, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto! Wenzake wakaangua kicheko. Msimamizi wao akamfokea, "We vipi, unaogopa mchanga?"

"Bosi, kama ni hapa, mimi siwezi. Nitafutie pengine."

Akaenda kusimama kando ya lori na nyundo yake. Wenzake hawakujali, walibandua mabati yote wakaondoka nayo. Lakini mlango hakuna aliyetaka kuukaribia baada ya yule kukataa, kwa hiyo fremu ikabaki imesimama peke yake, na mimi chini yake, na Siphokazi kamfunika mtoto kwa nailoni. Nililia. Nililia kwa hasira, na sikuondoka.

Alasiri hiyohiyo yule Mkongo fundi viatu akaja na bati. Mama Rudo, Mzimbabwe anayeuza mboga, akaja na mabati na dirisha. Yule Msomali wa dukani akaleta turubai, na nilipoanza kumshukuru akasema, "Mama, nawe! Shika huku, upepo huu." Kabla mtoto hajanyonya mara nyingine tulikuwa na paa. Nyumba yangu sasa ina kila rangi, ukiiona utacheka. Hao ndio unaowaita watu wa kuokotana. Sawa, tumeokotana. Watu wa bomoabomoa watarudi, kila mtu hapa anajua hivyo, na sisi tutajenga tena. Mtaa tuliupa wenyewe jina la Asihambi, na wewe Kixhosa unakijua: hatuondoki.

Sijakataa kwetu, kaka. Makaburi ya wazazi wetu nayajua na nitakuja kuyapalilia. Nimeongeza kwetu kwingine, basi. Shida yangu ni moja tu, nayo huninyima usingizi. Wazee waliotangulia hawajaambiwa kwamba mtoto wao yuko huku, na wa kuwaambia ni mwanamume mkubwa wa ukoo, ambaye ni wewe. Haya, nakuita kwa jina la ukoo usije ukasema nimepoteza adabu: Mpinga, njoo. Pombe ya mtama nitaipika mimi. Utasimama pale mlangoni uwatajie Hlumela na mahali alipo. Siombi ruhusa, nakualika.

Na usipokuja Desemba hii, nitasimama mwenyewe. Ndiyo, mwanamke, na kilemba changu kichwani, niwaite babu zetu mmoja mmoja kwa majina yao. Najua haijawahi kufanyika. Kama watakasirika, wanijie mimi, mtoto hana kosa. Lakini baba hatakasirika. Nikimwita baba atakuja mbio, maana katika maisha yake yote ya Cape Town hakuruhusiwa hata siku moja kulala nyumba moja na watoto wake.

Msalimie wifi Noluvo, dawa ya kikohozi iko kwenye kifurushi. Msalimie shangazi Nontsapho, umwambie nimeacha kumkasirikia. Ayabulela mwanao asome kwa bidii, na akimaliza akitaka kuja huku aje, tutabanana. Siphokazi anakusalimu, ingawa nilimwomba mara mbili kabla hajakubali. Mungu akulinde, na wazee wetu wakutie baridi moyoni.

Ukishuka kwenye basi, usiulize kwa Vuyelwa, hawatakuelewa. Uliza nyumbani kwa Hlumela. Ndiye mtoto wa kwanza kuzaliwa Asihambi, hata watoto wadogo watakuonyesha. Mkongo ana kwao, Mama Rudo ana kwao, hata mimi nina Engcobo unayotaka nirudi. Mtaa mzima, yeye peke yake ndiye mwenyeji.

Mimi dada yako nikupendaye, nisiyehama,

Vuyelwa.