Kofia ya Turki Mbele ya Kamera

Al Qabil, Sharqiyah,
Oman.
9 Novemba 1999

Mpendwa Shangazi Kuruthum,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta hapo Wete u mzima, na miguu imepungua kuvimba. Sisi huku hatujambo. Joto limeondoka, tende zimeshaingia ndani, na mimi nimekonda kwa hasira, kama bado nina cha kukonda.

Kwanza nikulaumu wewe. Ulipotutembelea mwaka juzi ulimjaza mwanangu Ghassan hadithi zako za mikokoni, za mashetani wa matopeni wanaowavunja miguu wachokoa kaa. Basi kanunua kamera, kawakusanya wenziwe, na sasa wanatengeneza mfululizo wa michezo ya kutisha, kila kanda na hadithi yake.

Ya kwanza waliipiga kule Sur, kwenye mikoko ya khori, pale bahari inapoingia ndani. Mwanamke wa matopeni anamng'oa mtu mkono na kuutafuna. Damu ilikuwa ya mbuzi wetu, na waliibeba ndani ya chupa yangu ya chai! Nilimtukana Ghassan matusi ambayo mama hamtukani mwanawe.

Ya pili wakataka hadithi ya huku huku, ya maghayib. Wapo wanaoamini kuwa kijana akifa ghafla hakufa. Mchawi kamchukua, kaacha gogo lizikwe, na mwenyewe anatumikishwa shambani kama punda. Husema ukimwona ukamtoa damu, mchawi atamwachia.

Jirani yangu Huwaida ni katika hao wanaoamini. Miaka kadhaa nyuma mwanawe Turki aligongwa na lori njia ya Ibra, na kwa alivyoharibika wanaume walimzika bila ya mama yake kumwona. Basi Huwaida akakataa. Hakuweka tanga, hakupokea mkono wa mtu, na kila Ijumaa akimpakulia Turki chakula. Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Yeye hakuanza, nasi miaka yote hiyo tukanyamaza.

Nilimwambia Ghassan wasipige karibu na shamba la Huwaida. Akanijibu kuwa Huwaida yuko Nizwa kwa dada yake. Kumbe alikuwa amesharudi.

Alasiri waliyoipiga nilikuwa nawapelekea kahawa, nikayaona yote kwa macho yangu. Mwenziwe Yaarub ndiye aliyekuwa maghayib, uso kapakwa unga. Mwenzao Majid alikuwa mchawi, anamchapa kwa upongoo wa mtende. Na kichwani Yaarub kavaa kofia aliyopewa sadaka. Mumewe Huwaida alizigawa nguo za Turki kwa siri, na hapana kijana aliyejua kofia ile ilikuwa ya nani. Huwaida aliijua kwa mbali. Kila kitobo alikishona yeye.

Alikuwa anatoka kukata majani ya mbuzi, mundu mkononi.

"Mwachie! Mwachie mwanangu, mchawi we!"

Majid alicheka. Alidhani Ghassan kamleta kunogesha mchezo. Mundu ukamwingia begani, ukatoka, ukaingia tena, hata nikauona mfupa. Akaanguka ndani ya mfereji wa falaji na maji yakaenda mekundu mpaka shamba la pili. Huwaida akamrukia Yaarub, akamchana kiganja, akawa anakikamua damu huku akilia, "Rudi, waladi, rudi kwa mama!" Nilipomshika aliniuma mkono, na alama za meno ninazo. Walikuja wanaume kutoka msikitini ndipo tukamweza.

Majid yuko hospitali. Yu hai, alhamdulillahi, lakini mkono haunyanyuki. Mama yake, Bi Manar, kaapa Huwaida atafia jela, na watu wazima wanamsihi asende polisi, angoje mwanawe atoke hospitali kwanza.

Na kamera, shangazi, ilikuwa imesimama palepale inanasa kila kitu! Ghassan akaniambia hapana mchezo utakaotisha kama huu. Nilimzaba kibao, na ndevu zake zote.

Juzi Huwaida kaja kwangu na mumewe. "Ghassan, nioneshe hiyo kanda, nimwone mwanangu." Nikamkatalia. Ghassan hakunisikiliza, akaitia kanda na kukaa chini karibu naye.

Alijiona akimkata Majid, hakupepesa macho. Mwishoni, yeye alipokuwa ameshapelekwa kwake nasi tumekimbilia gari na Majid, Yaarub alibaki peke yake kando ya falaji. Akaivua kofia, akaosha uso. Unga ukatoka, ikabaki sura ya Yaarub.

Huwaida akainuka, akaweka kidole kwenye kioo cha televisheni, akanigeukia mimi. "Huyu siye, Ghaniya. Khalas. Turki kafa."

Akapiga ukelele. Bi Manar aliusikia kwao, akaja miguu mitupu, nikajua kaja kumpiga. Akakaa chini, akakilaza kichwa cha Huwaida kifuani pake, wakalia wote wawili. Hajamsamehe, kasema wazi mbele yetu kuwa kulia pamoja si kusamehe. Lakini leo ni siku ya pili ya tanga na kahawa anaimimina yeye. Ghassan kaitia kanda motoni bila ya kuambiwa.

Nisalimie Kaka Ishak na mkewe, na Bibi umbusu mikono kwa niaba yangu. Mungu akupe afya na akuoneshe wajukuu wa wajukuu.

Huwaida amenituma jambo moja, na ndilo lililonifanya niandike leo. Anaomba hapo Wete mumsomee khitma Turki, mumtaje kwa jina lake, na mseme marehemu.

Mwanao asiyekusahau,
Ghaniya