Bosi Aliyeninyima Likizo

Kwako mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba lile goti linakuruhusu kufika uani bila ugomvi. Mimi mwanao sijambo, ila mgongo umeshachukua umbo la cherehani, na shingoni nina alama ya tepu ya kupimia ambayo haitoki hata nikioga.

Mama, utakumbuka nilivyoacha ukarani nikaja kukutangazia kwamba sasa nimefungua duka la ushonaji, nitakuwa bosi wangu mwenyewe, niamke nitakapo, nije kukuona nitakapo. Ulinipigia vigelegele. Basi huyo bosi nimempata, na tangu nianze kazi sijawahi kuwa chini ya mtu mwenye roho mbaya kama yule. Ofisini nilikuwa na likizo ya siku ishirini na nane. Huku hata chooni naenda mbio, pini zikiwa mdomoni.

Nilipompata mshonaji wa kunisaidia, mama mtu mzima tunayemwita Bi Mkasi kwa sababu ya ulimi wake, nilidhani nitapumua. Thubutu. Akishona yeye, nafumua mimi, nashona upya, eti pindo lake si kama langu. Siku moja aliweka nguo mezani akaniuliza kama nimemwajiri ashone au anitafutie vya kufumua. Nilinuna mpaka chai ikapoa.

Wewe ulikuwa umeshaniuliza mara tatu nitakuja lini. Kwa hiyo nikafanya nilichofundishwa ukaranini. Niliandika barua rasmi kwa Bosi, Yah: Ombi la likizo ya siku nne kwenda kumwona mama, nikaiweka kwenye faili. Kesho yake nilikaa upande wa pili wa meza nikajijibu kwa kalamu nyekundu kwamba ombi linashughulikiwa, mwombaji awe na subira. Nilisubiri wiki sita, mama. Niliogopa kumkumbusha.

Bi Mkasi ndiye aliyeikuta, akitafuta karatasi ya kuchorea kola. Aliisoma kwa sauti mbele ya wateja wawili, akagonga muhuri wa duka, akaandika Imekubaliwa, akasaini kwa niaba yangu. Kisha akanivua tepu shingoni na kunionyesha mlango. Nikasema nitarudi mara moja kuchukua mwavuli. Akaniletea mwavuli hadi barabarani.

Sasa nikuungamie. Zile mara tatu nilizokuambia siwezi kuja kwa kuwa kazi zimenizidi, mara mbili hapakuwa na kazi yoyote. Nilikaa dukani nikitazama barabara, nikihofia mteja akikuta pamefungwa hatarudi tena. Nilikuacha uningoje kwa ajili ya mteja ambaye hata hakuja. Naona aibu sana, na ndiyo maana naandika, maana mdomo wangu ukikuona huanza kujisifu.

Lakini na wewe una lako. Lile gauni nililokutumia, nililolishona kwa vipimo vya mwaka juzi, ulisema limekukaa sawasawa. Leo asubuhi uliponikumbatia mlangoni nimehesabu pini tano mgongoni. Umepungua, mama, na sikuwepo kuona. Nimeumia.

Barua hii naiandika mezani kwako, nawe umejilaza chumba cha pili. Ukiamka utaikuta chini ya kikombe chako. Gauni tutalipunguza wote wawili, nitakupima kwa mikono kwa kuwa tepu imezuiliwa dukani. Pindo ushone wewe, na nakuahidi sitalifumua.

Hali yako nimeuliza pale mwanzo kwa heshima tu. Najua u mzima, nasikia unavyokoroma. Nisalimie wote hapo nyumbani, nami nikiwemo.

Ni mimi mwanao kitinda mimba,
Mfanyakazi aliye likizoni.