Matairi ya Kwenda Kuona Theluji

Alhamisi, 2 Januari 2025 — Riyadh

Shule zimefungwa, watoto wa bosi wamechizi na theluji. Tunapita Jeddah kwa nyanya yao, kisha Tabuk, juu milimani, kuiona ikianguka. Lakini matairi yetu yamekwisha meno, laini kama upara wa bosi mwenyewe. Akaniuliza njiani: wewe Cliff, kwenu si kuna mlima wenye theluji? Nikamwambia nimezaliwa chini yake, theluji naijua kama ugali! Basi, akasema, matairi utachagua wewe.

Truphena, dada anayelea watoto, alikuwa kiti cha nyuma. Tuliposhuka akanicheka: "We mtu wa Nanyuki, theluji uliiona kwa kalenda."

Wivu tu. Dereva ni mimi.

Jumamosi, 4 Januari — Jeddah

Tuko Al-Hamra kwa nyanya. Asubuhi bosi alinituma duka la matairi la binamu yake, upande wa bandarini. Nikamkuta fundi Mkenya! Reuben, mtu wa Kisii. Hata nusu mwaka hajamaliza hapa, Kiarabu chake ni yalla na mafi, twende na hakuna, basi.

Nilishayaona niliyoyataka. Meno makubwa, maandishi meupe ubavuni. Gari likivaa hayo ni simba! Nikajiona tayari kwa TikTok, theluji nyuma yangu.

Reuben akatikisa kichwa. "Ndugu yangu, hizi ni za mchangani. Raba yake ngumu, kwa maji inateleza, kwa theluji ndiyo usiseme. Chukua hizi za misimu yote." Akanionyesha kamchoro ka mlima ubavuni, kenye chembe ya theluji ndani. Hiyo alama ndiyo ya baridi, akasema, na hii mifereji midogo inatoa maji. Nikatazama. Meno madogo kama ya panya. Gari la mwalimu mkuu hilo!

Nikamwambia mbele ya wenzake: "Kazi yako kufunga nati. Dereva nani hapa?" Akainama, akafunga nilichotaka.

Bosi akapiga simu. Mbona picha uliyotuma ni matairi ya jangwani? Nikasema fundi ndiye kasema haya ndiyo bora kwa mvua na theluji. Ilinitoka tu. Bosi huamini mafundi kuliko madereva.

Jioni nikamsimulia Truphena, namwiga Reuben akiinama. Hakucheka.

Jumatatu, 6 Januari

Mvua. Jeddah ikiamua kunyesha ni kama mtu anamwaga ndoo. Nilikuwa nawarudisha watoto kutoka kwa shangazi yao. Sikuwa mbio — sawa, kidogo. Nilitaka Truphena aone meno yangu yakikata maji.

Kwenye mzunguko nikakanyaga breki. Gari halikusimama. Likaenda tu, kama sabuni sakafuni. Nazungusha usukani, halisikii. Tukagonga ukingo wa barabara kwa ubavu wa nyuma.

Layan, kitinda mimba wao, hana hata mkwaruzo. Truphena aliingiza mkono wake kati ya mtoto na mlango. Mkono ndio umevunjika. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Angalia mtoto. Cliff, angalia mtoto!"

Mimi bado nimeshika usukani, kama mtu anayeendesha.

Jumanne, 7 Januari

Truphena ana plasta hadi kiwikoni. Madam, mke wa bosi, kamwambia apumzike, lakini jikoni nilimkuta akimenya viazi, amevibana kifuani. Nimeosha vyombo vyote bila kutumwa.

"Umemwambia bosi alichokwambia yule fundi?"

Nitamwambia.

"Lini?"

Nikafungulia maji yapige kelele.

Bosi hajanigombeza. Afadhali angenitukana! Kasema si kosa lako, wewe ulimsikiliza fundi. Huyo fundi kesho atanijua. Na kafili wa Reuben, mwenye kibali chake cha kazi, ni huyo huyo binamu. Neno moja tu, Reuben anarudishwa nyumbani.

Jumatano, 8 Januari

Niko garini nje ya duka. Naandika kwa simu.

Wamemwita Reuben. Hajui Kiarabu, sasa nani mkalimani? Mimi. Mwenye Kiarabu cha kujitapa!

Bosi akasema: muulize kwa nini aliniuzia matairi ya mchangani, wanangu wangekufa. Hiyo nikaitafsiri sawasawa. Reuben akanitazama, hata si kwa hasira. "Waambie nilikuonyesha zile zingine. Waambie tu vile ilikuwa, ndugu yangu. Mtoto wangu ameanza shule juzi."

Anasema nini? — bosi.

Nikafungua mdomo. Maneno nilikuwa nayo, ningekosaje? Kiarabu cha kubembeleza walinzi ninacho, cha kuomba ruhusa ninacho. Nikasema: anaomba msamaha.

Halas, imetosha, akasema binamu. Amekubali kosa.

Reuben alikuwa anafuata mdomo wangu tu. Aliposikia nimenyamaza akashusha pumzi, akaniinamishia kichwa kidogo, kama mtu aliyetetewa. Hapo adhana ya adhuhuri ikalia. Wameshusha mlango wa duka, wamevuka kwenda msikitini. Wakirudi wanaamua.

Tumebaki wawili, Wakristo. Yeye ameenda hapo kwenye kibanda cha chai. Mimi nimejifungia humu na AC, natoka jasho.

Anarudi. Chai ya maziwa, vikombe viwili. Anagonga kioo. Nimeteremsha.

"Asante sana, Cliff. Nilijua Mkenya mwenzangu hataniangusha." Kisha: "Lakini mbona bosi wangu, yule mnene, amekunja uso? Umewaambia nini hasa?"

Nimemwambia subiri, najibu meseji. Anasubiri. Ameegemea mlango ule uliobonyea. Kikombe changu kiko juu ya dashibodi, sijakigusa. Watu wanatoka msikitini, bosi anatafuta viatu vyake mlangoni. Sasa amevipata. Reuben ameinama tena dirishani, anasema ndugu yangu —