Mke Wangu Ndiye Aliyeimbwa, na Ngoma Nimepiga Mimi

Doña Hortensia mpendwa,

Nakuandikia nimesimama jikoni kwa sababu nikikaa tu najikuta nimeinuka tena, na naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ikishapita hata ushauri wa askofu hautanifaa kitu.

Mimi ni fundi wa breki za treni hapa Tolosa, nina mke na mabinti wawili waliokwisha kuolewa, na tangu ujana wangu ndiye ninayepiga ngoma kubwa kwenye jukwaa la mashabiki wa Ferroviarios, na kama unaujua mpira wetu basi unajua kwamba sisi jukwaani hatutungi nyimbo, tunateka za watu, yaani wimbo wowote ukipigwa sana redioni tunauchukua, tunayatupa maneno yake, tunatia ya kuwazomea wapinzani, na Jumapili uwanja mzima unaurukia. Basi vijana wa roki wa hapa hapa mtaani, bendi ya Vereda Mojada, walipotoa ule wimbo wao wa "Hukushuka", ule wa kijana anayesimama chini ya dirisha akimngoja msichana ashuke waondoke wote na msichana anazima taa, nchi nzima ililia, lakini mimi nilisikia tu kwamba mapigo yake yanaifaa ngoma yangu, na ni mimi mwenyewe, kwa kichwa changu hiki, niliyeugeuza ukawa wa kuwacheka wapinzani wetu wa Molinos kwamba wameshuka daraja na mama zao wanaona aibu kwenda sokoni. Ndiyo sanaa pekee niliyowahi kufanya maishani, Doña, na niliionea fahari kuliko cheti changu cha ufundi.

Tuliuimba kila Jumapili, tuliuimba kwenye maziko ya katibu wa klabu, na tuliuimba harusini kwangu, maana wenzangu wa jukwaani waliingia ukumbini na ngoma kabla ya keki kukatwa kama ilivyo desturi, wakanibeba mabegani, na mimi ndiye niliyepaza sauti, "Ule wa Molinos, jamani, ule wa Molinos!" na Mirta wangu akiwa na shela yake alilia machozi, na mimi nikawaambia watu tazameni, analia kwa furaha.

Sasa Jumapili moja mwezi huu tulikuwa mezani tunakula ravioli, mimi na Mirta na mdogo wake Cacho, televisheni imewashwa, wakamleta Chino Larralde, mwimbaji wa Vereda Mojada, kwa sababu wimbo unatimiza miaka thelathini na tano, na mtangazaji akamwuliza, hebu leo tuambie ukweli, yule msichana ni nani, naye akacheka kidogo akasema wakati ule walikuwa wanahamia Buenos Aires kurekodi, vyombo viko garini, gari linaunguruma, na yeye alikuwa amemwambia binti mmoja twende wote, akasimama chini ya dirisha lake juu ya duka la fundi saa, wenzake wakipiga honi, binti hakushuka, taa ikazimwa, na wimbo akauandika njiani kabla hawajafika mjini. "Mirta," akasema. "Binti wa fundi saa wa Tolosa."

Doña, uma ulinibaki mdomoni. Cacho ndiye aliyezungumza wa kwanza.

"Aisee! Si duka la mzee hilo? Dada, kumbe ni wewe?"

Mirta akasema, "Nipitishie jibini."

"Wee shemeji!" Cacho akanigeukia, anacheka mpaka mchuzi unamchuruzika kwenye shati. "Bwege wewe! Miaka yote unampigia mwenzio ngoma! Na hata harusini! Angalau angekulipa nauli!"

Mirta akainuka akachukua jibini mwenyewe. Baadaye akiosha vyombo nilimfuata nikamwambia, "Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unanicheka," naye hakugeuka, akanitupia kitambaa akasema, "Futa vyombo, mzee." Basi. Mpaka leo hajaongeza neno, na mimi nimekuwa mtu wa kuzunguka nyumba, nimefungua jiko la maji ya moto ambalo halikuwa bovu na sasa ni bovu kweli, nikienda kazini wenzangu wananipigia mbinja za ule wimbo toka getini, na nikikumbuka kwamba kila ulipopigwa redioni Mirta aliinuka akaenda uani, na mimi nilidhani hapendi mpira, nainuka na mimi naenda kusimama huko huko uani. Maana alikuwa anaenda uani kufanya nini? Kumkumbuka? Taa aliizima kwa kuwa hakumtaka, au kwa kuwa baba yake alisimama mlangoni na mkanda mkononi? Na machozi yale ya harusini yalikuwa ya nani?

Lakini bado sijafika penyewe. Jumatatu simu ya nyumbani ililia, nikapokea, sauti ya mama mmoja wa ofisi ya bendi, ana adabu zake, anasema Jumamosi watapiga kwenye uwanja wetu wa Ferroviarios kuadhimisha wimbo, na Chino anaomba bibi Mirta aalikwe, kiti cha mbele, na kama atapenda apande jukwaani wamshukuru, na asipopenda pia ni sawa. Nikamwambia, "Mama, umekosea namba, hapa ni kwa fundi matairi." Akapiga tena. Nikamwambia, "Mama, matairi yamekwisha." Hajapiga tena, na Mirta hajui chochote.

Nimwambie, au ninyamaze mpaka Jumamosi ipite? Nikimwambia naye akaenda, akapanda pale mbele ya mji mzima, mimi nitaificha wapi sura hii? Na nikinyamaza, mbona silali? Tafadhali nijibu upesi na usitaje jina langu, maana Mirta hukusoma gazetini kila Alhamisi na kikombe chake cha chai ya mate mkononi, hata kabla ya kuangalia nani kafa.

Asiyetaka Kutajwa, Tolosa

*

Bwana Asiyetaka Kutajwa,

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Ila umebaki na ngoma, breki za treni, shemeji mcheka watu na mke aliyetajwa kwenye televisheni, kwa hiyo hapo Tolosa hata paka wa muuza nyama amekwisha kukutambua. Na ulinitaka nijibu upesi huku ukijua fika nani anafungua ukurasa huu Alhamisi. Nadhani moyo wako ulitaka ukamatwe, ila mdomo ulikosa ujasiri. Basi umekamatwa. Kama Mirta bado anachemsha maji, una dakika chache. Liweke gazeti chini ukamwambie, ndipo uje umalizie kusoma.

Umerudi? Haya.

Kwanza pole, na nakupa kwa moyo. Kugundua mbele ya sahani ya ravioli kwamba fahari ya ujana wako ilikuwa kilio cha mwanamume mwingine kwa mke wako, hilo linauma, na anayekucheka hajawahi kupenda. Wivu wako si dhambi. Lakini ile simu haikuwa yako. Mtu aliitwa kwa jina lake nyumbani kwake, ukajibu wewe kwamba namba imekosewa na matairi yamekwisha. Mzee mzima!

Unataka nikuambie kwamba aliizima taa kwa sababu hakumtaka. Sikuwepo, Bwana. Huenda alimpenda mpaka akauma mto ili asilie. Huenda alimwogopa baba. Huenda alikuwa na usingizi na zile honi zilimuudhi. Lolote kati ya hayo lilikuwa lake kabla hujamjua, na huwezi kulidai kama mtu anayedai koti lake dukani kwa dobi. Tena usimbebeshe machozi ya harusi. Mtu yeyote angelia, wanaume wenye ngoma wakivamia ukumbi wake kumwimbia habari za Molinos kabla hajala keki.

Sasa fanya hivi. Kama hujamwambia, mwambie leo, kwa maneno haya na usiyapambe: "Walikupigia kukualika Jumamosi, nikawadanganya." Usitie "lakini" mbele yake. Akikasirika, kaa hapo hapo ukasirikiwe, usikimbilie jiko la maji. Kisha mtafute yule mama wa ofisini umwombe radhi mwenyewe, usimtume Cacho. Mirta akitaka kwenda, piga pasi shati lako umsindikize, ngoma iache nyumbani. Akitaka kwenda na mdogo wake bila wewe, mfungulie mlango na umtakie jioni njema. Asipotaka kwenda, usishangilie kama mmefunga bao, maana atakuona.

Jukwaa lenu nalo lifunge mdomo Jumamosi. Ukiweza kuwaamrisha watu waruke, unaweza kuwaamrisha wakae. Usiku mmoja wa kuwasamehe Molinos hautawaua.

Na lile swali linalokuzungusha nyumba nzima, liache. Chino alimsimamisha Mirta dirishani akaijaza nchi sauti yake mwenyewe, wewe ukamfanya tusi la mpira, na uwanja mzima ukaruka. Hapo katikati, kati ya gitaa lake na ngoma yako, kuna mama ambaye hakuna aliyewahi kumpa nafasi aseme yeye anataka nini. Usimuulize kama alimpenda. Muulize kama anataka kwenda. Kisha nyamaza umsubiri, hata akichelewa kujibu, kwa sababu ndiyo kwanza anaulizwa.

Doña Hortensia