Ile Biashara Inayouzwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba unijibu kabla ya Jumapili, maana Jumapili familia yetu yote inakutana kwa mama kupanga harusi ya mdogo wetu wa mwisho, na mimi nimeapa moyoni kwamba nitasimama niseme ninayoyajua, mume wangu ananiambia nikisimama nitakuwa nimeivunja nyumba ya mama kwa mdomo wangu mwenyewe, mwenzangu wa kazini ananiambia nisiposimama nitakuwa nimeshiriki wizi, nami nimebaki katikati hata kula siwezi.

Mimi ni karani kwa dalali, lakini si dalali wa nyumba wala wa magari, mkuu wangu anauza biashara nzima nzima, yaani mtu amechoka na kiwanda chake cha maji au shule yake ya udereva anakuja kwetu tumtafutie mnunuzi, na pande zote mbili zinahitaji wakili anayeijua kazi hiyo, kwa sababu ukimpa wakili wa talaka mkataba wa kuuza kiwanda mtalia wote. Ndiyo maana mkuu ameniagiza nitengeneze kanzidata ya ofisi za mawakili wa mji mzima, sisi tunaiita jedwali tu, kila ofisi na mstari wake, jina, mtaa, simu, barua pepe, wakili wa kumuulizia, na kama kweli wanashughulikia mauzo ya biashara au wameyaandika kwenye kibao kujipamba. Usione ni kazi nyepesi, mshauri. Ofisi moja utaikuta kwa majina matatu, hapa “na Wenzake,” pale “na Washirika,” kwingine “na Wanawe,” kumbe mlango ni mmoja, na nyingine mbili zina jina lile lile kwa sababu mawakili wake waligombana wakagawana wateja na samani, lakini jina kila mmoja akaling'ang'ania. Mkuu wangu ana msemo wake, kwamba nafasi tupu haijamdanganya mtu, kwa hiyo kitu nisichokihakikisha kwa simu sikiandiki.

Shida ilikuwa hizo simu. Nilikuwa nauliza, “Samahani, mnahusika na kuuza biashara?” na wale wa mapokezi wananijibu dada, hapa hatununui kitu leo, mmoja akaniambia kwa upole kabisa kwamba soko liko mtaa wa pili, wanadhani natembeza vitenge. Mwenzangu wa meza ya jirani, huyo huyo anayenichochea sasa, akanifundisha nisiulize, niseme tu, “Napiga kuhusu ile biashara inayouzwa, niongee na wakili yupi?” Mshauri, hiyo “ile” ilifanya kazi kama dawa. Mtu wa mapokezi akisikia “ile” anajua kuna jambo linaloendelea, hataki kuonekana halijui, ananitajia jina la wakili hapo hapo, nami naandika, nashukuru, nakata simu.

Sasa wiki iliyopita nikapiga ofisi moja, sitaitaja, iko ghorofani juu ya duka la miwani, nikasema maneno yangu ya kila siku, na dada wa huko akashusha sauti akaniambia, “Ile ya karakana ya makochi, yenye mlango wa bluu? Mwenyewe amekataza tusipige nyumbani. Amesema watoto wasijue mpaka mkataba utiwe saini.”

Nilikata simu bila hata kushukuru, kwa sababu karakana ya makochi yenye mlango wa bluu ni yetu. Baba na mama waliianza wakiwa na nyundo na gunia la sufi, baba akafariki, mama akaendelea, akatusomesha sote kwa kuvalisha makochi ya watu, hati zote ziko kwa jina lake hadi leo, ila siku hizi kazi za kila siku anazisimamia kaka yangu mkubwa, mama anashinda pale akikata vitambaa, ingawa kuvuta na kugonga misumari amewaachia vijana. Mara moja nikajua ni kaka. Nani mwingine? Mwezi uliopita nilimkuta mgeni na futi yake anapima ukuta wa karakana, nikamuuliza kaka huyu ni nani, akasema hata yeye hamjui vizuri, halafu akageuza mazungumzo. Cherehani kubwa imeharibika, nikamwambia tununue nyingine, akasema tusubiri kidogo. Tusubiri nini, kama si kuuza? Na hilo neno “watoto” ndilo lililonichoma zaidi, mimi mwenye mume na watoto wawili, bado kaka ananihesabu mtoto wa kufichwa mali ya wazazi wake. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Tangu siku hiyo akinipigia sipokei. Juzi alikuja hadi kazini kwangu kunisalimu, nikamtuma mlinzi amwambie nimetoka, nikamtazama dirishani akirudi amening'iniza mabega, na nakiri roho iliniuma. Na kuna lingine, mshauri, hili hata mume wangu halijui. Kwenye jedwali, mstari wa ofisi ile nimeandika “Hawashughulikii mauzo ya biashara,” ili mkuu wangu asije kumpeleka mnunuzi yeyote kule, na Jumatatu jedwali linakabidhiwa, litatumiwa na ofisi nzima.

Naomba uniambie, nisimame Jumapili nimwaibishe kaka mbele ya wajomba na mashangazi ili mama aokoke, au nimwite mama pembeni nimwambie mwanao anakuuza? Naogopa mama hatahimili. Ile karakana ndiyo pumzi yake.

Ni mimi,
Karani Mwenye Donge

Karani, mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimeisoma nikiwa nimevua miwani na kushika kichwa. Kwanza kaa chini. Jumapili hutasimama kusema lolote, isipokuwa ukitumwa kuleta maji ya kunywa. Nitakueleza kwa nini, na utaumia kidogo, lakini afadhali uumie ukisoma barua hii kuliko mbele ya wajomba.

Umemhukumu kaka yako kwa sentensi mbili za mtu wa mapokezi. Zirudie taratibu. Alisema “mwenyewe amekataza.” Alisema “amesema watoto wasijue.” Ni wapi hapo aliposema mwanamume? Lugha yetu ina ustaarabu wake, ikisema “amesema” haikuambii kama msemaji ana ndevu au amejifunga kanga. Ndevu umeziweka wewe.

Sasa nikuulize, tangu lini kaka akawaita wadogo zake “watoto” mbele ya wakili? Angesema wadogo zangu, angesema ndugu zangu, na kama ana nia mbaya angesema wale watu. Kuna mtu mmoja tu aliyebaki duniani ambaye wewe, na ndoa yako, na watoto wako wawili, kwake ni mtoto, na kaka yako mwenye mabega yaliyoning'inia naye ni mtoto, na huyo mwenye harusi ni mtoto kabisa. Ni yule aliyewazaa.

Unaona? Ulikuwa unataka kumwokoa mama yako na mama yako mwenyewe.

Mimi si mtabiri, na barua si macho, huenda nimekosea. Lakini hati ziko kwa jina la nani? Umeniandikia mwenyewe, tena bila kuulizwa. Wewe unayeshinda kutwa unaongea na ofisi za mawakili, hukujiuliza ni wakili gani mwenye akili timamu atakayeandaa mkataba wa kuuza mali bila mwenye hati kukaa mbele yake? Mawakili wote wa mji umewapanga kwenye mistari, mama yako mzazi ukamsahau. Hasira hasara, mwanangu, ndiyo iliyokufumba macho.

Kaka yako nadhani yuko kama wewe. Ama hajui chochote na anashangaa mgeni mwenye futi katokea wapi, ama mama ndiye aliyemwambia “tusubiri kidogo,” naye anawapa ninyi neno lile lile alilopewa. Kwa vyovyote vile alikuja hadi kazini kwako kukujulia hali, nawe ukamtuma mlinzi aseme uongo. Hilo limenikera kuliko yote. Mtu anayeficha wizi hajipeleki mlangoni kwa aliyemwibia.

Uchungu wako lakini nauelewa, na siuchezei. Umekulia ndani ya karakana ile, na kusikia kwa mgeni kwamba inauzwa ni kama kusikia msiba wa nyumbani kwenu redioni. Una haki ya kulia. Lia, ila usilie hadharani ukimnyooshea mtu kidole, kwa sababu neno la namna hii ukilimwaga kikaoni ni mtama kwenye kuku wengi. Mjomba atauliza bei, shangazi atauliza kwa nini hakushirikishwa, na mama yako atakaa pale kwenye kiti chake akivuliwa siri yake mbele ya watu, na anayemvua ni binti yake aliyedhani anamfunika. Baada ya hapo harusi ya huyo mdogo wenu mtaipangia wapi?

Anzia ofisini kwako, maana huko ndiko kosa ni lako peke yako. Futa ulichoandika kwenye mstari ule kabla jedwali halijakabidhiwa, na uandike kile ulichokihakikisha kwa masikio yako, kwamba wanashughulikia. Mkuu wako amekupa kazi ya kuaminiwa na watu wasiojuana, muuzaji ataongozwa na mstari wako kama unavyoongozwa na namba ya nyumba. Kisha mwambie mkuu wako kwa kifupi kwamba kuna biashara ya familia yenu huenda iko sokoni, na kwamba ikiletwa pale wewe usiishike. Usimweleze umejuaje. Yule dada wa ghorofani amekosea, ndiyo, lakini umemchokonoa wewe kwa hiyo “ile” yako, na akifukuzwa kazi utakuwa umemponza mtu ambaye hata sura yake huijui. Kuanzia leo ukipiga simu jitambulishe, sema unatoka wapi na unataka nini. Watakaokuambia soko liko mtaa wa pili, cheka, kisha urudie swali. Na huyo mwenzako wa meza ya jirani, salimianeni tu. Ushauri wake wa kwanza ndio huu uliokufikisha hapa, wa pili sijui ungekufikisha wapi.

Kaka yako mpigie leo hii, usingoje kesho. Huna haja ya kumweleza ulimwazia nini, kuna mawazo mengine kumwambia mtu ni kumchoma mara mbili. Mwambie, “Kaka, nilikukosea juzi, nilikuwepo,” kisha umwache aseme atakalosema. Akinuna, vumilia.

Halafu mama. Usimwendee Jumapili, watu ni wengi. Nenda siku ya kazi, uende pale karakana, uvae nguo usiyoionea huruma, umshikie upande wa pili wa kitambaa anapokata. Usimwambie “nimesikia.” Mama akiambiwa “nimesikia” atauliza kwa nani, na hapo utaanza kumchongea yule dada au kutunga uongo mwingine. Muulize kuhusu yeye. Amekuambia lini mara ya mwisho kwamba mgongo unauma? Uliona ameacha kugonga misumari, ukaniandikia kama jambo dogo, hukumuuliza. Mtu aliyewasomesha kwa mikono ile hawezi kuwaambia kirahisi kwamba mikono imekataa, anaogopa mtagombana nani amtunze na nani amrithi, akaona amalize kimya kimya halafu awaite. Ni kosa lake, ndiyo, mama naye hukosea, lakini alikosea kwa kuwaogopa ninyi, na hofu hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Nani kati yenu aliwahi kusema “ile karakana ndiyo pumzi yake” mbele yake, akamfanya aone kwamba akiiacha amekufa?

Akiamua kukuambia, msikilize hadi mwisho. Huenda utamwomba asubiri, huenda kaka yako ataomba ainunue yeye kwa bei ya haki, hayo ni mazungumzo ya watoto na mama yao na mnayo haki ya kuyafanya. Akiamua kunyamaza, mshikie kitambaa, urudi tena wiki inayofuata. Mali ni yake. Aliijenga akiwa na umri wako, na anayo ruhusa ya kuiweka chini.

Na siku atakapokutajia ofisi aliyoichagua, funga mdomo. Usimwambie unao mawakili bora zaidi kwenye jedwali lako. Alipanda ngazi zile peke yake, na wakili anaye.